Mashine ya Kufukuza Mbwa na Jina la Mwanangu

Jumapili, alasiri. Baridi ya Julai, na upepo.

Leo Songea imeamka na ukungu ambao haukuondoka mpaka baada ya misa ya pili. Sasa kuna upepo ule unaopita kwenye sweta na kwenda moja kwa moja kwenye mifupa. Nimechoka. Sisemi kama watu wanavyosema wakiulizwa hali, "nimechoka tu kidogo." Nimechoka hoi, mpaka nimekaa kwenye kiti cha intaneti kafe hii na najiuliza nitasimamaje kurudi nyumbani.

Mwanangu amelala. Nimemwacha nyumbani Lizaboni, kifuani kwa bibi yake, ametulia kabisa. Nalisema hilo kwanza kwa sababu ndilo lililokuwa limetukosesha amani. Siku zote hizi mtoto huyu alikuwa akilia mpaka sauti inamkauka, na kwa sababu ya kilio hicho amebadilishwa jina, na jana nusura kilio hichohicho kimvunje moyo mama mkwe wangu asiinuke tena.

Na chanzo cha yote ni mbwa. Mbwa, jamani.

Acha nieleze taratibu, labda nikishaandika nitapumua.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Singida niliyeolewa huku. Mume wangu ananunua mpunga upande wa Tunduru, na msimu ukifika anahamia Nakapanya, nyumbani tunamwona kama mgeni wa sikukuu. Kwa hiyo tunabaki watatu: mimi, mama mkwe, na binti yangu ambaye ameanza kutembea mwaka huu na maneno yake bado ni mawili matatu. Nilimpata baada ya kuharibikiwa mimba na kukata tamaa. Jina lake nilikuwa nalo moyoni hata kabla hajatungwa. Nikamwita Upendo.

Nyuma ya nyumba tuna ua. Kuna jiko la nje, banda la kuku, na matuta ya chainizi na figiri ninayoyamwagilia kila jioni nikitoka shuleni. Si ua wa kujivunia, lakini ndio unaotulisha mboga na mayai. Na ndio ambao mbwa wa mtaa mzima waliamua kuufanya wao.

Wanakuja asubuhi mapema. Wanalala juu ya matuta kwa sababu udongo ule ni laini. Wanakula mayai, wanachimba shimo la taka na kutawanya maganda uani kote, halafu wananiangalia bila aibu. Nguchiro naye akaona wamefungua njia, akaanza kuchukua vifaranga mchana kweupe. Nimepanda michongoma, mbuzi wa jirani wakaila. Nimemwaga majivu, nimemwaga maji ya pilipili, nimefunga makopo kwenye kamba yapige kelele. Kilichopiga kelele ni mimi. Mama mkwe akawa anawatupia mbwa mawe kwa mkono mmoja huku kambeba mjukuu kwa mkono mwingine, na mwanamke yule si wa umri wa kutupa mawe.

Ndipo nikaenda madukani Mfaranyaki.

Nilipokuwa msichana duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu, na tulipanga foleni ya sabuni bila kujua kama sabuni ipo. Sasa soko limefunguliwa na kila kinachotengenezwa duniani kinateremka Songea: tochi za kuchaji, saa zinazoongea, maua ya plastiki, dawa za kuondoa kila doa. Unaingia dukani kununua betri, unatoka na kitu ambacho hukuwa unajua kama kipo. Nilikuwa nimesikia kwa mwalimu mwenzangu kwamba kuna mashine ya kufukuza wanyama kwa sauti ambayo mtu haisikii. Nikacheka. Lakini mfa maji haishi kutapatapa, na siku hiyo mbwa walikuwa wamenimalizia mayai ya kuku wa kuatamia.

Muuzaji alikuwa kaka mnene, mchangamfu, anayeegemea kaunta kama vile hana haraka ya kukuuzia. Akanitolea aina tatu. Ya kwanza ndogo, unachomeka moja kwa moja ukutani, ya kufukuza panya ndani ya nyumba. Ya pili ina mguu wa kuchomeka ardhini, ina jicho, na mnyama akipita mbele ya jicho inajiwasha yenyewe. Hiyo nilitamani, ila inakula betri kubwa na nikajua betri zitahamia kwenye redio ya mama mkwe kabla ya wiki kuisha. Ya tatu ni boksi la kijivu lenye waya wa umeme, matundu kama ya spika, taa nyekundu, na kitufe cha kuzungusha chenye picha: panya, ndege, paka, mbwa.

Nikauliza maswali niliyodhani ni ya akili. Inafika mbali kiasi gani? Akasema uwanja mzima. Inapita ukuta? Akasita, akasema ukuta hapana, ila uani hakuna ukuta, Mwalimu. Mvua je? Niiweke chini ya paa. Kuku hawatadhurika? Kuku hawana habari nayo. Na sisi?

"Mwalimu, hii ni sayansi," akaniambia. "Sikio la binadamu halina uwezo wa kuisikia. Weka, lala usingizi."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mashine ile haikujitembeza wala kujiuza, niliitaka tu. Nikachukua ya tatu. Karatasi ya maelezo ilikuwa na maandishi ya Kichina upande mmoja, na upande wa pili Kiingereza ambacho ningempa mwanafunzi wangu sifuri.

Nikaifunga chini ya paa la jiko la nje, ikaelekea matuta. Kitufe nikakizungusha kwenye picha ya mbwa. Taa nyekundu ikawaka. Mama mkwe akasimama mbele yake mikono kiunoni, akaitazama muda mrefu.

"Sasa huyo mbwa anaambiwa nini humo ndani?"

"Anaambiwa aondoke, Mama."

"Kwa Kichina?"

Nilicheka, naye akacheka. Ninaikumbuka sana ile dakika, maana baada yake hatukucheka tena kwa muda.

Kama ilifanya kazi? Sijui niseme nini. Siku ya kwanza mbwa mmoja mwekundu aliingia, akasimama, akainua masikio, akatoka. Nikashangilia peke yangu uani. Siku iliyofuata akaingia na wenzake. Wakakaa kidogo pembeni, wakaangalia boksi, wakazoea. Nguchiro hakujali tangu mwanzo. Jirani yangu Mama Osmunda alipoona mbwa wamejilaza wakiwa wameelekeza nyuso kwenye mashine, aliita kwa sauti juu ya uzio: "Mwalimu! Umewanunulia mbwa redio!" Mtaa mzima ukapata la kusema. Kwa ubishi wangu nikaiacha ikiwaka asubuhi hadi jioni. Nilijiambia inahitaji muda.

Mtoto akaanza kulia.

Sikuunganisha. Namwambia nani, hakuna hata mmoja aliyeunganisha. Mimi mchana niko shuleni. Mama mkwe ndiye anayeshinda na mtoto uani, kwenye mkeka karibu na jiko, kama walivyozoea tangu mtoto hajui kukaa. Nikirudi nakuta mtoto macho yamevimba na bibi naye kachoka, khanga imelowa machozi na kamasi. Anavuta sikio. Anaficha uso kwapani kwa bibi. Akiingizwa ndani sebuleni ananyamaza, akitolewa uani anaanza upya. Nikampeleka zahanati. Wakamulika masikio, wakasema ni safi, hakuna usaha, labda meno. Tukapewa dawa ya maji ya kutuliza maumivu. Dawa ikaisha, kilio kikabaki.

Mama mkwe alisubiri mpaka siku moja nimekaa napukuchua mahindi, akaniambia kwa upole, bila kuniangalia.

"Mama Upendo, mtoto huyu haumwi. Analilia jina."

Nilijua anachosema. Hata kwetu Singida yapo. Mtoto akilia bila sababu, wazee husema amepewa jina lisilo lake, kuna mtu wa ukoo aliyetangulia anataka kuitwa, na mtoto hatatulia mpaka aitwe jina hilo. Na nilijua pia ni jina gani, kabla hajalitamka.

Tasiana alikuwa mtoto wake wa kwanza, dada mkubwa wa mume wangu. Simfahamu, nilimkuta kwenye picha tu, msichana mwenye shingo ndefu aliyesimama mbele ya kanisa. Alienda Dar es Salaam kutafuta maisha na akafia huko. Zilikuwa siku za mvua kubwa, barabara imekatika, na taarifa zilifika wakati ameshazikwa. Mama yake hakuosha mwili, hakutupa udongo, mpaka leo hajaliona kaburi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Watoto wa ukoo wamezaliwa wengi baada ya hapo, na kwa sababu hii au ile hakuna aliyepewa jina hilo.

"Analia hapa hapa uani," mama mkwe akasema. "Ndani halii. Hapa ndipo Tasiana alipokuwa akinisaidia kutwanga. Anamwona."

Nitasema ukweli kwa kuwa hapa sina wa kumwonea haya. Nilikasirika. Nilikasirika kimyakimya, kama wakwe wanavyokasirika, nikajibu "ndiyo Mama, tutaona," nikaendelea kupukuchua. Lakini moyoni nilikuwa nasema: huyu ni wangu. Nimemsubiri, nimemlilia, nimempa jina mimi. Sitaki abebe jina la marehemu aliyekufa peke yake ugenini. Nimpe mwanangu mkosi wa mtu mwingine kwa nini?

Nikampigia simu mume wangu. Simu ikakatika, ikashika, ikakatika. Alichosema kikasikika vizuri ni hiki tu: "Fanya anavyotaka mama." Wanaume na simu zao za kutoka mbali. Wanakuachia sentensi moja, ukaishi nayo.

Basi nikakubali. Sikukubali kwa imani. Nilikubali kwa uchovu. Nilikuwa narudi kazini kichwa kinapiga, nakuta kilio, nalala na kilio kichwani, na nikafika mahali ningekubali hata wambatize jina la mti.

Sasa angalia mambo yanavyokwenda. Siku moja kabla ya shughuli ya jina, umeme ukakatika. Mji wetu unaishi kwa jenereta, na jenereta zikiharibika hatuulizi zitapona lini, tunatoa tu vibatari. Kwa hiyo asubuhi ile taa ya mashine haikuwa inawaka, wala hakuna aliyeitazama.

Mama mkwe aliamka mapema, akavaa khanga yake ya doti mpya. Wakaja wazee wawili wa kike wa ukoo. Akaweka unga wa ulezi kwenye ungo, akaumimina kidogokidogo kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, huku akiongea Kingoni na mahoka, wazee wetu waliotangulia. Sikuelewa yote. Nilielewa majina. Aliwaita mmoja mmoja, mpaka akafika kwa Tasiana. Kisha akachovya kidole kwenye togwa, akamlambisha mtoto, akamwita: "Tasiana." Mtoto akalamba midomo, akacheka, akashika pua ya bibi yake.

Hakulia. Uani, mahali palepale, saa ileile ya kilio. Hakulia mchana huo wala kesho yake. Wazee wakapiga vigelegele. Jioni ya siku ileile ikawa zamu ya sala za jumuiya nyumbani kwetu, wakaja akina mama walewale na rozari zao. Asubuhi unga, jioni rozari, na hakuna aliyeona tabu. Hata mimi sikuona.

Nitasema na hili: niliamini. Mimi mwalimu ninayewafundisha watoto chanzo cha malaria, niliamini kabisa. Nilimtazama mwanangu akicheza kwenye mkeka nikahisi vinyweleo vinasimama. Mama Osmunda akaanza kuniita Mama Tasiana. Nilikuwa naitika, na kila nikiitika kuna kitu kinanichoma. Nilishukuru na nilikuwa na wivu, vyote pamoja. Marehemu alikuwa amemtuliza mwanangu, mimi nilishindwa.

Na mama mkwe! Sijawahi kumwona vile. Alikuwa anaimba akisonga ugali. Alikuwa anamweleza mtoto mambo ya zamani, "unakumbuka ulipoanguka kwenye kile kisima?", kana kwamba anaendelea na mazungumzo yaliyokatizwa. Usiku alikuwa analala. Nilikuwa sijui kama miaka yote hii alikuwa halali vizuri, mpaka nilipomsikia akikoroma.

Jana, Jumamosi, umeme ukarudi.

Ulirudi asubuhi, na kama kawaida mtaa mzima ukapiga kelele ya furaha, "Oyoooo!", redio zikaamka kila nyumba. Na katikati ya shangwe hiyo mwanangu akapiga ukelele. Siyo kilio cha kudeka, ni kilekile cha mwanzo. Akaziba uso, akatambaa kumfuata bibi, akatumbukiza kichwa kwenye khanga.

Sitasahau uso wa mama mkwe. Ulikuwa umenyooka siku zile zote, ukashuka wote kwa mara moja. Alimbeba mtoto, akambembeleza, "Tasiana, Tasiana, mwanangu," na kila akimwita mtoto alizidi kulia. Akanipa mtoto.

"Amenikataa," akasema.

Nikamwambia, hapana Mama, usiseme hivyo.

"Amenikataa. Amekuja kuniangalia, amekataa. Sikwenda kumzika."

Akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake. Hakunywa chai. Nilimwita kwa chakula cha mchana, hakuitika. Nilisimama nje ya mlango nikasikia rozari inapita kwenye vidole, na kati ya salamu na salamu alikuwa anaomba msamaha. Hakuwa anamwomba Mungu. Alikuwa anamwomba binti yake.

Niliondoka pale mlangoni sina hata pa kwenda. Nikamchukua mtoto mgongoni, nikazunguka naye nje tu, ili asiendelee kumlilia bibi yake masikioni. Tulipofika mbele ya nyumba akanyamaza. Nikashukuru Mungu. Nikarudi nyuma kuepua maharage, akaanza. Nikaenda mbele, akanyamaza. Nikasimama kwenye kona ya nyumba kama mwendawazimu, mguu mmoja mbele, mguu mmoja uani. Halafu nikainua macho nikaiona taa nyekundu.

Mama yangu wee.

Nikachomoa waya. Mtoto akashusha pumzi moja ndefu ya kwikwi. Nikachomeka. Akalia. Nikachomoa tena, na Mungu anisamehe kwa kumtesa mwanangu ili nijue, lakini nilitaka nijue. Sikio la binadamu halina uwezo, alisema yule muuzaji. La binadamu yupi? Langu mimi niliyezeeka kwa kelele za darasa la nne? La mama mkwe anayeongeza sauti ya redio kila mwaka? Kwenye nyumba yetu kulikuwa na sikio moja tu zima, nami nililiweka mbele ya matundu ya spika kutwa nzima, halafu nikalipeleka zahanati. Mbwa waliokuwa wamelala kwenye matuta hata hawakugeuka.

Nilikaa chini kwenye mkeka nikalia mimi. Mtoto akanipangusa kwa mkono wenye matope.

Ningepaswa kukimbia chumbani kwa mama mkwe palepale nikamwambie. Sikwenda. Nilinyamaza jana yote, na hapa ndipo uchovu wangu wote ulipo.

Kwanza kwa sababu kweli ile ilinipendeza mno. Nikimwambia, nimeshinda. Mtoto hakulilia jina lolote, alikuwa analilia masikio, basi arudi kuwa Upendo wangu na mambo yaishe. Niliona furaha fulani inanipanda kooni, nikaiogopa. Pili kwa sababu nilimkumbuka akiimba na mwiko mkononi. Nikimwambia kwamba Tasiana hakuita, si ninamzika mtoto wake kwa mara ya pili? Na safari hii namzika mimi. Lakini nikinyamaza, anabaki mle chumbani akiamini mwanawe amefunga moyo dhidi yake. Jioni alitoka, mtoto ametulia, akamchukua. Ila alimshika kwa woga, kama kitu cha kuazima. Mtoto akikohoa anashtuka. Akinuna kidogo, anamweka chini haraka. Nikaona hii haiwezekani. Hata uongo wa huruma hauwezi kukaa katika nyumba ambayo bibi anamwogopa mjukuu.

Leo baada ya misa nilimwambia.

Nilimlaza mtoto chumba cha mbele. Nikamwomba mama mkwe twende wote jikoni, nikamweka mbele ya mashine, nikamweleza yote, kuanzia Mfaranyaki. Nilipiga magoti kwa kuwa sikujua nikae vipi. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Kiwashe nisikie."

Nikachomeka. Akasogeza sikio mpaka likagusa matundu. Nikasogeza na langu upande wa pili. Tulikuwa wanawake wawili wazima, tumetoka kanisani na nguo zetu nzuri, tumebandika masikio kwenye boksi.

"Sisikii kitu."

"Hata mimi, Mama. Yeye ndiye anayesikia."

Nikachomoa. Akakaa kwenye kigoda, akanyoosha khanga magotini, akainyoosha tena. Nilisubiri anigombeze. Nilitamani anigombeze.

"Kwa hiyo hakunikataa?"

"Hapana, Mama. Hakukukataa."

Akatikisa kichwa taratibu. Machozi yalikuwa yanashuka lakini uso ulikuwa umelegea, umepumzika. Nikadhani yameisha. Halafu akasema, kwa sauti ndogo kuliko ile ya kwanza:

"Wala hakuniita."

Jibu nililokuwa nalo lilikuwa ndiyo, na sikuweza kulitamka. Kuku walikuwa wanaparua, mbwa mwekundu anajikuna, nami natazama mikono yangu.

"Basi mtoto arudie jina lake," akasema akiinuka. "Ni haki yako. Mimi nilisikia nilichokuwa nataka kusikia." Akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa tayari ni safi.

Hapo ndipo nilipokuwa nimeshinda. Jina langu nimerudishiwa mkononi, bila ugomvi, bila kikao cha ukoo. Nilipakua ugali na maharage, na muda wote nilikuwa natafuta ile furaha ya jana kooni. Haikuwapo. Nilichokuwa nacho ni picha ya mwanamke amesimama kando ya barabara iliyokatika, akisubiri gari ambalo halitakuja.

Mashine nimeifungua pale chini ya paa. Nitamrudishia yule kaka wa Mfaranyaki, akikataa nitaitupa. Mbwa na wakae. Nitajenga ukuta siku nikipata nguvu, na leo sina.

Mtoto aliamka, akatoka mwenyewe mpaka mlango wa nyuma, nywele zimesimama upande mmoja. Bibi yake alikuwa ameinamia beseni. Nilikuwa na sahani mkononi na jina la Upendo lilikuwa ulimini, lilikuwa tayari kabisa.

"Tasiana," nikaita. "Njoo ule."

Mtoto akanitazama. Hajui bado kuitika. Watoto wa umri huo tunawaitikia sisi wakubwa, ili wajifunze.

Maji yakaacha kupiga kwenye beseni. Halafu mama mkwe, bila kuinua kichwa, akamwitikia:

"Abee, mama."

Kesho nitamwita tena.